Kabaka Mwanga na Vijana Aliowainua

Mtu atokaye Geita kwenda Mwanza huvuka ghuba ndefu ya Ziwa Viktoria kati ya Busisi na Kigongo. Akifika ng'ambo hayuko mbali na Bukumbi, mahali ambapo Mapadre Weupe walijenga kituo tangu mwaka 1883. Baada ya miaka michache alifika kituoni hapo kijana mmoja akiomba hifadhi. Hakuwa na jeshi wala ngoma za kifalme, na watu waliofuatana naye walikuwa wachache. Kijana huyo alikuwa Mwanga, Kabaka wa Buganda, ambaye siku si nyingi kabla ya hapo wakuu wa nchi yake walikuwa wakilala kifudifudi mbele yake kumshukuru. Kwa neno lake watu walipata vyeo, na kwa neno lake walipoteza vichwa.

Nani basi aliyemfukuza? Hakufukuzwa na Wanyoro, maadui wa zamani wa Buganda, wala hakufukuzwa na Wazungu. Waliomfukuza ni watumishi wa nyumba yake mwenyewe, vijana aliowapa bunduki na vyeo kwa mkono wake. Habari ya vijana hao ndiyo itakayosimuliwa katika somo hili, kwa maana baadaye jamaa zao zikawa kubwa kuliko jamaa zote za Buganda, na mfalme aliyewainua akafa uhamishoni katika kisiwa cha mbali.

Ninyi mkaao Shinyanga na Geita mmesikia habari za watemi. Zamani mtemi wa Usukuma hakujiweka mwenyewe. Alichaguliwa na wazee walioitwa banang'oma, na katika sehemu nyingi wazee hao waliangalia upande wa mama, wakamtwaa mtoto wa dada ya mtemi aliyefariki. Watoto wa mtemi mwenyewe hawakurithi kiti, lakini walipewa vijiji wavitunze. Ndiyo sababu mkuu wa kijiji aliitwa ng'wanang'wa, neno ambalo asili yake ni mtoto wa mtemi. Kwa hiyo mtemi alipotaka watu wa kumsaidia kazi, aliwatafuta kwanza katika nyumba yake.

Buganda mambo yalikuwa kinyume cha hayo. Huko mwana wa mfalme ndiye aliyerithi, na kila mwana wa mfalme aliweza kurithi, awe wa mama yeyote. Basi kila ndugu wa Kabaka alikuwa Kabaka mwingine anayengoja. Mfalme aliyempa ndugu yake jimbo na watu wenye mikuki alikuwa amempa silaha ya kumwua yeye mwenyewe. Kwa hiyo wana wa mfalme waliwekwa mbali na utawala, na mara nyingi walifungwa au kuuawa. Tena Waganda walikuwa na desturi moja isiyo ya kawaida. Watu wote walifuata ukoo wa baba, bali Kabaka alifuata ukoo wa mama yake. Haukuwapo ukoo mmoja uliokuwa na ufalme sikuzote, na kila ukoo ulitumaini kwamba siku moja binti yake atamzaa mfalme. Koo zote zilipeleka binti zao katika nyumba ya Kabaka, na vijana wao pia.

Wakuu wa koo hizo waliitwa bataka. Walikaa juu ya ardhi walimozikwa babu zao, na heshima yao ilitoka katika makaburi hayo. Hapo kale vyeo vikubwa vya nchi vilikaa ndani ya koo, kama cheo cha Mugema wa Busiro, kilichokuwa cha watu wa ukoo wa Kima. Lakini tangu karne ya 18 wafalme walianza kuwanyang'anya bataka majimbo na kuyatia mikononi mwa watu waliowapenda. Nchi zilizotekwa vitani ziliwasaidia sana katika kazi hiyo. Jimbo la Buddu, lililochukuliwa katika utawala wa Kabaka Jjunju, halikuwa na makaburi ya bataka wa Buganda. Lote lilikuwa zawadi ya mfalme, naye aliweza kumweka Pokino, yaani mkuu wa Buddu, na kumwondoa apendapo. Hata kufikia wakati wa Suna na mwanawe Mutesa, wakuu wengi wa Buganda walikuwa watu wa mfalme tu.

Faida yake yaonekana upesi. Mtaka akigombana na Kabaka ana kaburi la babu yake la kuegemea, na ukoo mzima nyuma yake. Mtu aliyeinuliwa na mfalme hana egemeo ila mfalme. Leo ana jimbo, watumwa na wake kumi. Kesho mfalme akinuna, hana hata kibanda. Mtu wa namna hiyo hufanya kazi kwa bidii na hulala usingizi mwepesi.

Wala wafalme wa Buganda hawakuwa wa pekee duniani kwa akili hiyo. Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala tangu 1100 hata 1135, aliwakuta mabwana wakubwa ambao baba zao walikuja na baba yake kutoka Normandy mwaka 1066, wenye ngome zao na askari zao. Hakuwaamini wote. Akawainua watu wa nyumba ndogo, hata mwandishi mmoja wa zama zile akasema kwamba aliwatoa mavumbini. Mmoja wao alikuwa Roger, kasisi maskini wa Caen, aliyekuwa Askofu wa Salisbury na mtunzaji mkuu wa mambo ya mfalme. Roger naye akawainua wapwa zake wawili, Alexander na Nigel, wakawa maaskofu wa Lincoln na Ely. Henry alipokufa, mfalme aliyefuata, Stephen, akaogopa ngome za watu hao. Mwaka 1139 akawakamata, akazitwaa ngome, na Roger akafa mwaka huohuo. Jambo la Buganda lilifanana na hili mwanzoni, bali mwisho wake ulipinduka: huko aliyeangushwa ni mfalme.

Vijana waliopelekwa na koo katika nyumba ya Kabaka waliitwa bagalagala. Walichota maji, walifagia nyua, walilinda milango, walichukua habari kwa mbio kutoka mlima mmoja hata mwingine. Kazi hizo ndogo zilikuwa shule ya utawala. Kijana aliyekaa karibu na mfalme alijua nani amekasirikiwa na nani anapendwa, alijifunza kunena vizuri barazani na kunyamaza vizuri pia, na akikua angeweza kupewa kijiji, kisha jimbo. Wazazi walijua hayo. Ndiyo maana walimtoa mtoto wao wakimjua mfalme kuwa mtu wa kuua.

Katika utawala wa Mutesa, tangu 1856 hata 1884, shule hiyo iliongezewa jambo jipya. Wafanya biashara Waislamu kutoka pwani walileta nguo, bunduki na Kurani, na Mutesa mwenyewe alijifunza herufi za Kiarabu. Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa Kiingereza wa Kiprotestanti, na mwaka 1879 Mapadre Weupe Wafaransa, wote wawili wakipitia pande hizi za kusini ya ziwa. Mutesa aliwasikiliza wote, akawapima wote, asimfuate hata mmoja moja kwa moja. Vijana wa nyumbani mwake walifanya zaidi. Walisoma. Usiku walikaa na karatasi zao, na watu wakawaita wasomaji, jina ambalo lilikuwa jina la dini na jina la elimu kwa pamoja. Msomaji alikuwa na ndugu ambao si wa ukoo wake. Kijana wa ukoo wa Senene na kijana wa ukoo wa Uyoga walikaa pamoja, wakala pamoja, wakaapa pamoja. Kabaka hakuwapa undugu huo, wala hakuweza kuwanyang'anya.

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala akiwa bado kijana, apata miaka kumi na minane hivi. Baba yake alikuwa amemwachia wakuu wazee, na wa kwanza wao alikuwa Mukasa, Katikiro, yaani waziri mkuu. Wazee hao walimwona Mwanga kuwa mtoto, naye aliwaona kuwa watu wa baba yake. Kwa upande mwingine aliwaogopa wasomaji, ambao walikubali kumtumikia katika mambo yote lakini si katika yale waliyofundishwa kuwa ni dhambi. Novemba 1885 aliamuru Yosefu Mukasa Balikuddembe auawe, aliyekuwa mkubwa wa vijana wa nyumbani na Mkatoliki. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi Wakristo, Wakatoliki na Waprotestanti, walichomwa moto Namugongo. Habari hiyo yajulikana kila mahali, na mashahidi wale wanakumbukwa kila mwaka.

Jambo lisilosimuliwa mara nyingi ni lile lililofuata. Siku zile za hasira, Mwanga alimpiga na kumjeruhi kijana mmoja Mprotestanti aitwaye Apolo Kagwa, na kijana Mkatoliki aitwaye Honorat Nyonyintono aliteswa vibaya mwilini. Hawakuuawa. Kabla mwaka mmoja haujapita sana, watu hawahawa wawili walikuwa miongoni mwa wakubwa wa nchi, na aliyewapa ukubwa ni Mwanga yuleyule.

Sababu ni ileile ya wafalme wote. Mwanga alitaka watu wake mwenyewe, si wa baba yake. Aliwatazama wazee akaona hila. Akawatazama vijana wa rika lake akaona watu wajuao kutumia bunduki, wajuao kusoma na kuhesabu, wasio na makaburi ya kuegemea. Aliunda makundi mapya ya askari wenye bunduki. Nyonyintono alipewa kundi liitwalo Ekisalosalo, na Kagwa alipewa Eggwanika, ghala ya mfalme. Makundi mengine yalipewa Waislamu. Kila kundi lilipewa ardhi na vijiji katika majimbo, mahali palipokuwa na wakuu wa zamani, na vijiji hivyo havikumtii mkuu wa jimbo bali vilimtii Kabaka peke yake. Vijana wasiotaka kubaki mashambani mwa baba zao walikimbilia katika makundi hayo, kwa maana humo mlikuwa na bunduki, nguo na kicheko.

Si haki kuwaonyesha wasomaji hao kana kwamba wote walikuwa watakatifu. Walikuwa vijana wenye nguvu mpya, na walifanya yafanywayo na watu wa namna hiyo. Walipita vijijini wakitwaa mbuzi, ng'ombe na wanawake, wakisema ni amri ya mfalme. Mwanga alipotaka kuchimba ziwa lake mwenyewe karibu na Mengo, ziwa ambalo lipo hata leo, aliwaita watu wote wachimbe, na wakuu wazee pia. Wazee wenye mvi, waliozoea kubebwa na kuamkiwa, walishika udongo kwa mikono yao huku vijana wa makundi wakiwasimamia. Aliyechelewa alitozwa faini. Katika nchi ambamo adabu ilikuwa kama chakula, aibu ile haikusahauliwa. Wazee walimchukia Mwanga kwa sababu ya vijana wake, na wananchi walimchukia kwa sababu ya kazi na unyang'anyi.

Basi Mwanga akajikuta ametengana na wazee, na wale aliowapenda wameshika bunduki zote. Hapo ndipo alipotambua alilolifanya. Aliwapa vijana kila kitu, lakini utii wao wa ndani ulikuwa umekwisha kutolewa kwa dini zao na kwa wenzao. Mwaka 1888 akakusudia kuwaondoa wote kwa pamoja, Waislamu na Wakristo. Shauri lake lilikuwa kuwapakia katika mitumbwi, kana kwamba ni safari ya vita, kisha kuwaacha katika kisiwa kimoja ziwani wafe kwa njaa. Lakini siri ya nyumba ya Kabaka ilikuwa mikononi mwa vijana walewale waliokuwa wakilinda milango yake. Walifika pwani, wakaitazama mitumbwi, wakakataa kupanda. Siku chache baadaye, Septemba 1888, Waislamu na Wakristo walipanda mlima wa Mengo pamoja na bunduki zao. Hakuna mkuu hata mmoja mwenye nguvu aliyesimama kumtetea mfalme. Mwanga akakimbilia ziwani na vijana wachache, wakaelekeza mitumbwi kusini.

Walifika Magu, katika Usukuma, kwa Waarabu waliokuwa wakifanya biashara huko. Mwanga alidhani amefika kwa rafiki. Alinyang'anywa mali aliyokuja nayo, akawekwa kama mfungwa, na hapo ndipo alipotafuta njia ya kwenda kwa mapadre wa Bukumbi. Mapadre walimpokea. Tafakari jambo hilo: mtu aliyewachoma moto wanafunzi wao alikula chakula chao na kulala chini ya paa yao.

Huko Mengo washindi walimweka ndugu yake, Kiwewa, katika kiti. Nyonyintono akawa Katikiro, na vyeo vyote vikubwa vikagawanywa kati ya vijana. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi dini tatu zilitawala pamoja. Oktoba 1888 Waislamu waliwashambulia Wakristo na kuwafukuza. Wamisionari wa dini zote mbili walipakizwa chomboni na kufukuzwa nchini. Mapadre wakaja Bukumbi, na Waprotestanti wakaja Usambiro, kusini ya ziwa, alikokuwa Alexander Mackay, fundi na mwalimu, ambaye alikuwa amekwisha kutolewa Buganda mwaka 1887 na akafa hukohuko Usambiro Februari 1890. Wakristo Waganda wenyewe walikimbilia upande wa Ankole. Kiwewa hakudumu, Waislamu wakamweka ndugu mwingine, Kalema, naye kwa kuogopa watu wa damu yake aliwaua Kiwewa na wana wa mfalme na binti wa mfalme wengi.

Hapo Wakristo walioko Ankole waliona upungufu wao. Bunduki walikuwa nazo, na watu, na ushujaa. Mfalme hawakuwa naye. Mganda wa ukoo wa Senene, hata awe na bunduki elfu, hawezi kukalia kiti cha Buganda, watu hawatamfuata. Alihitajiwa mwana wa Mutesa, na Kalema alikuwa amewaua karibu wote. Akabaki nani? Akabaki yule waliyemfukuza, akaaye Bukumbi. Basi wakatuma watu kusini kumwita mfalme wao arudi.

Mwaka 1889 Mwanga alipanda mashua ya Charles Stokes, mfanya biashara aliyepata kuwa mtu wa misioni, na kurudi kaskazini. Vita vilikuwa virefu. Nyonyintono aliuawa vitani mwaka huohuo, na Apolo Kagwa akashika mahali pake. Oktoba Mwanga aliingia Mengo. Akafukuzwa tena mwezi uliofuata. Na Februari 1890 Waislamu wakashindwa kabisa.

Mfalme alikuwa amerudi, lakini je, alirudia ufalme uleule? Tazama jinsi vyeo vilivyogawanywa. Kagwa, Mprotestanti, akawa Katikiro. Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki wa ukoo wa Uyoga, akawa Kimbugwe, cheo cha pili. Majimbo yakapangwa kwa zamu, Mkatoliki na Mprotestanti, na chini ya kila mkuu akawekwa msaidizi wa dini nyingine. Ikakatwa shauri kwamba mtu akibadili dini atapoteza cheo. Maneno hayo yaonekana madogo, lakini ndiyo yaliyouvunja uwezo wa zamani. Tangu hapo Kabaka hakuweza kumwondoa mkuu kwa sababu amemchukia, wala kumweka mwingine kwa sababu anampenda. Cheo kilikuwa cha chama, na chama kilikuwa na bunduki. Mkono uliozoea kupandisha na kushusha ulikuwa umefungwa.

Vita vya Wakristo wenyewe kwa wenyewe vya Januari 1892, ambamo Kapteni Lugard aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki za mzinga, viliongeza ufungwa huo. Mwanga alikimbia tena, akarudishwa tena mwezi wa Machi. Mwaka 1894 Waingereza walitangaza ulinzi juu ya Buganda. Sasa Kagwa na Mugwanya walikuwa na egemeo jingine kubwa kuliko yote, serikali ya kigeni iliyowahitaji ili itawale, nao waliihitaji ili wasishushwe.

Mwanga alijaribu mara ya mwisho. Julai 1897 alitoroka Mengo usiku, akaenda Buddu na kuinua vita. Waliomfuata walikuwa wengi, hasa wale ambao hawakupata sehemu katika mgawanyo wa vyeo. Lakini jeshi lililokuja kumpiga liliongozwa na Waingereza pamoja na Katikiro wake mwenyewe. Kijana aliyepigwa mwaka 1886 akawa mzee wa nchi mwaka 1897 na kumwinda aliyempiga. Kagwa hakuona kuwa ni uhaini. Yeye alisema nchi ina Kabaka, na Kabaka ni mwana wa Mwanga, Daudi Chwa, aliyewekwa kitini Agosti 1897 akiwa na mwaka mmoja tu. Mwanga aliposhindwa alivuka mpaka na kuingia nchi ya Wadachi, nao wakamweka Mwanza. Kwa hiyo watu wa kusini ya ziwa walimwona mara ya pili, na mara ya pili alikuwa mkimbizi. Akatoroka Mwanza, akarudi vitani, akajiunga na Kabalega wa Bunyoro, adui wa zamani wa nyumba yake. Aprili 1899 wote wawili walikamatwa. Walipelekwa visiwa vya Shelisheli, na Mwanga akafa huko Mei 1903, akiwa Mkristo aliyebatizwa kwa jina la Danieli. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1910, ikazikwa Kasubi karibu na baba yake.

Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kutawala. Walezi watatu wakawekwa kutawala kwa jina lake: Kagwa, Mugwanya na Zakaria Kizito Kisingiri. Hao ndio waliotia mkono katika Mapatano ya tarehe 10 Machi 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na hapa ndipo wanafunzi wapaswa kusoma polepole, kwa maana habari ya vyeo inageuka kuwa habari ya ardhi.

Zamani ardhi ya cheo ilikwenda na cheo. Mkuu akishushwa, aliyemfuata aliingia katika shamba lake la migomba. Mapatano yalibadili desturi hiyo. Kabaka alipewa maili za mraba 350. Kila mmoja wa walezi watatu alipewa maili 16 ziwe mali yake, na 16 nyingine za cheo. Wakuu wa majimbo 20 walipewa maili 8 ziwe mali yao na 8 za cheo kila mmoja. Kisha maili 8,000 ziligawiwa wakuu wengine na wenye ardhi waliokadiriwa kuwa 1,000. Lakini baraza lilipokwisha kuandika majina, yalizidi elfu tatu. Ardhi hizo ziliitwa mailo, kwa neno la Kiingereza lililovaa nguo ya Kiganda. Mwenye mailo aliandikiwa karatasi. Aliweza kuiuza, na alipokufa mwanawe alirithi. Hakuna Kabaka aliyeweza tena kuinyang'anya. Zawadi ya mfalme, iliyokuwa ikirudi mkononi mwake kama ndege aliyefungwa kamba, sasa kamba imekatwa.

Na bataka je? Hao ndio waliopoteza sana. Waliogawa ardhi ni wakuu, na wakuu walijigawia kwanza. Mahali pengi makaburi ya ukoo yaliangukia katika mailo ya mtu wa ukoo mwingine, na mtaka aliyekuwa akilinda makaburi ya babu zake akaambiwa alipe kodi au ahame. Miaka ya 1920 bataka walipaza sauti. Walileta mashtaka yao mbele ya Kabaka Daudi Chwa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, naye aliwahurumia, lakini baraza lililojaa wenye mailo lilikataa. Mwaka 1924 serikali iliweka tume isikilize, na Kagwa akasimama mbele yake. Wazee walieleza jinsi makaburi yalivyotwaliwa. Yeye alieleza jinsi wafalme, tangu zamani, walivyokuwa wakiwapa ardhi watu waliowapenda. Wote wawili walisema kweli. Neno la mwisho la serikali, mwaka 1926, lilikuwa kwamba mgawanyo hautavunjwa. Wakulima walipata nafuu kidogo mwaka 1928, sheria ilipoweka mpaka wa kodi ambayo mwenye mailo aliweza kuwatoza.

Apolo Kagwa mwenyewe hakuwa mtu mdogo. Alijenga nyumba ya ghorofa, akawa na mtambo wa kupigia chapa, akaandika kwa Kiganda vitabu vya wafalme, koo na desturi za Buganda, ambavyo hata leo wanachuoni hawawezi kuviacha. Mtu aliyeivunja nguvu ya koo ndiye aliyeziandika habari zao zisipotee. Alikuwa mkali na mwenye kiburi, na alizoea kutawala hata mtoto wa kiti alipokuwa amekua. Mwaka 1926, baada ya kugombana na maofisa wa Kiingereza, aliacha cheo cha Katikiro alichokishika tangu vita vya 1889. Alifia Mombasa Februari 1927.

Cheo hicho, kwa sheria, hakikuwa cha kurithiwa. Mkuu wa zamani wa Buganda akifa, watu walitazama mlango wa Kabaka wajue nani atatokea. Lakini mwaka 1945, katika utawala wa Mutesa wa Pili, mjukuu wa Mwanga, aliyeketi katika kiti cha Katikiro alikuwa Kawalya Kagwa, mwana wa Apolo.